Asubuhi ya Mwisho ya Mfalme Leonida

Paris, 8 Novemba 1813

Leo Baba ameifunua ile picha kubwa. Ilikuwa imegeuzwa uso ukutani tangu nikiwa msichana, na kuigeuza tena kumehitaji wanafunzi wote pamoja na mimi na Perrine wa jikoni, tukisukuma huku Baba akipiga kelele tusiikwaruze.

Ni Mfalme Leonida wa Sparta, asubuhi ya siku yake ya mwisho. Nyuma yake kuna njia nyembamba ya mlimani. Mbele yake, upande tusiouona sisi, limejaa jeshi zima la Waajemi. Wapiganaji wake wanachana nywele, maana ndivyo Wasparta walivyofanya walipojua wanakwenda kufa. Mfalme amesimama katikati, mkono ameunyoosha apokee ngao kutoka kwa kijana aliyeibeba. Mfalme bado hana uso. Kijana bado hana chochote, ni mistari ya mkaa tu.

Baba anataka aimalize kabla ya Pasaka. "Wakati wenyewe ndio huu, Honorine," ameniambia. "Nchi inahitaji kuiona." Jeshi letu limerudi kutoka Ujerumani limevunjika, na maadui wako kwenye mto Rhine. Nilimtazama pale juu ya ngazi, joho lake la kazi limechanika kwapani, mvi zimejaa chokaa, nikajivunia kuwa binti ya Anselme Vasselin. Naandika hivyo kwa sababu leo ndivyo ninavyoona.

15 Novemba

Mfalme amepatikana. Perrine ana binamu muuza utumbo, na binamu ana mpangaji, sajini aliyerudi kutoka Urusi. Anaitwa Barnabé Coulon. Ni mtu mkubwa, akiingia mlangoni huinama. Alivua nguo karibu na jiko bila haya, na Perrine, aliyekuwa ameleta kuni, akasimama akamwangalia mpaka akatosheka.

"Mfalme ana matako meupe kuliko unga wangu," akasema.

"Hayajawahi kuona jua, mama," sajini akajibu. "Siku zote nimewaelekezea adui upande wa pili."

Wanafunzi walicheka mpaka Baba akagonga ngazi kwa fimbo. Kisha sajini akavua viatu, kicheko kikakatika. Mguu wa kulia hauna vidole. Baridi ya Urusi iliviua, na mwenzake akavikata kwa kisu cha mkate.

Baba aliinama akautazama mguu ule kwa muda. Halafu akasema, "Aubin, vua kiatu." Basi Mfalme Leonida atasimama kwa mguu wa mdogo wangu.

19 Novemba

Aubin ndiye pia atakuwa kijana wa ngao. Hakuna mwingine aliyefikiriwa. Ana miaka kumi na minane, na shingo yake bado ni ya mtoto. Nilimlea mimi tangu Mama afariki, yeye akiwa bado anatambaa. Anakohoa akishika ngao muda mrefu, kwa sababu ni ya shaba kweli. Nikamwambia Baba ampe ya mbao. Amesema mkono ukibeba mbao hudanganya.

26 Novemba

Baridi. Kuni mbichi. Moshi.

3 Desemba

Leufroy ameitwa jeshini. Ni mwanafunzi mkubwa kuliko wote, ndiye anayechana nywele upande wa kushoto wa picha. Alikuja kuaga na mfuko begani, na Baba akamwambia, "Simama kidogo, nimalizie sikio." Akasimama. Sikio likamalizika. Akaenda.

11 Desemba

Wawili wengine wameitwa. Wote wamo kwenye picha.

14 Desemba

Uso wa mfalme unamshinda Baba. Anataka macho ya mtu anayejua atakufa na ameridhika.

"Sajini, wewe umekaa katika asubuhi za namna hiyo. Fikiria moja."

"Nafikiria, mwalimu."

"Sasa unafikiria nini? Mbona umelegea?"

"Viazi. Kabla ya vita mimi nilikuwa nawaza viazi. Walioinua macho mbinguni tulijitenga nao, maana wangeweza kufanya upumbavu."

Aubin alicheka, ngao ikatikisika mkononi. Baba hakucheka. Alimwambia sajini anyanyue kidevu. Sajini akanyanyua.

Namwogopa kidogo mtu huyu. Anakula kama anayeiba.

9 Januari 1814

Aubin ameingiza mkono kwenye chungu cha bahati katika ofisi ya meya, na ametoka na namba ndogo, namba za wanaopelekwa jeshini. Anakwenda. Tulijua ingeweza kutokea. Wameita vijana kabla ya mwaka wao, na hata watu wa kulipwa waende badala ya mtu hawapatikani tena, wote wameshakwenda.

Nilitegemea kifua chake. Daktari wa jeshi aliweka sikio mgongoni mwake kwa muda wa kutosha kusema, "Anayefuata."

"Hewa ya nje itamponya," akaniambia nilipomkimbilia koridoni.

10 Januari

Baba amesema nisilie. Kuna seneta anayempenda, ambaye Baba aliwahi kumchora yeye na mkewe, naye atakuja Jumapili kuitazama picha. Neno moja tu la seneta kwa waziri na Aubin atapewa kazi ya karani hapa mjini. "Atakapomaliza kutazama nitamwambia," Baba akasema. "Niachie mimi." Nimemwachia. Nimelala vizuri.

16 Januari

Nataka niandike yote kama yalivyokuwa, nisije nikayabadilisha.

Seneta alikuja baada ya misa, akinuka karafuu. Baba alikuwa amewapanga wote mahali pao: sajini na joho jekundu, wanafunzi watatu waliobaki, Aubin bega wazi na ngao mkononi, ili mheshimiwa aone picha na watu wake pamoja. Mimi nilisimama na sinia ya divai.

Seneta alitazama kwa muda mrefu sana. Alikwenda nyuma, akaja mbele, akavaa miwani, akaivua. Nadhani machozi yalimlengalenga.

"Vasselin," akasema, "hii si picha. Hili ni jeshi zima."

Baba akainamisha kichwa.

"Na huyu wa ngao? Ana uso safi sana."

"Ni mwanangu, Mheshimiwa."

"Mwanao wa kumzaa? Ameshaitwa?"

"Ameitwa. Wiki iliyopita."

Seneta akamshika Baba mabega yote mawili. "Basi wewe una haki ya kuichora. Nawajua wenzako, nisiwataje. Mchana wanachora mashujaa, jioni wanakuja kwangu kuomba watoto wao waachwe. Naona aibu kwa niaba yao. Wewe umetoa wako."

Baba alifungua kinywa. Nilikiona kinywa kikifunguka. Nilisubiri.

"Asante, Mheshimiwa," Baba akasema.

Nikaona hasemi tena. Basi nikasema mimi. "Mheshimiwa, mdogo wangu ni mgonjwa wa kifua. Hatafika mbali. Tulikuwa tunaomba..."

Seneta hakunijibu mimi. Alimgeukia Aubin. "Ni kweli hayo, kijana?"

Masikio ya Aubin yaliwaka. Wenzake walikuwa wanamtazama, na sajini anamtazama, na Baba anamtazama. Alikuwa bado ameinua ile ngao.

"Dada yangu amenilea, Mheshimiwa," akasema. "Kwake yeye hata nikipiga chafya ni msiba."

Watu wakacheka. Seneta alicheka kuliko wote. "Dada wa namna hii wangetumalizia jeshi," akasema, akachukua glasi kutoka kwenye sinia yangu, na hapo ndipo mambo yalipoishia. Sajini peke yake hakucheka.

Nilimfuata Aubin jikoni. "Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini, dada, nikiwa nimeshika ngao?"

Baba amesema kesho atamwandikia seneta barua, faraghani, ni vizuri zaidi kwa barua.

17 Januari

Baba hajaandika. Amechora goti la mfalme.

19 Januari

Hajaandika. Amesema anatafuta maneno.

22 Januari

Nimekwenda mwenyewe nyumbani kwa seneta. Nilikaa ukumbini na watu wengine wengi, wote wanawake, kila mmoja akiwaangalia wenzake kama wamemtangulia kwenye foleni ya mkate. Adhuhuri mtumishi akatoka akatuambia mheshimiwa amehamia shamba lake la Tours pamoja na familia, kwa ajili ya hali ya hewa. Mwanamke mmoja mzee aliendelea kukaa hata baada ya kuambiwa.

Maadui wamevuka Rhine zamani. Wako Champagne.

25 Januari

Nimemwuliza Baba mbele ya Perrine, "Umeandika?" Ameniambia nisimsumbue akiwa na rangi mbichi.

4 Februari

Aubin ameondoka asubuhi.

Jana sajini alimkalisha kando ya jiko kwa saa nzima. Nilikuwa natia viraka kwenye soksi, nikasikia kila kitu.

"Viatu usivivue ukilala, utavikosa asubuhi. Soksi za akiba ziweke tumboni zikauke. Ukiambiwa kimbia, kimbia. Ukiambiwa simama, tazama kwanza aliyekuambia amesimama wapi."

"Na nikiogopa?"

"Utaogopa. Wote wanaogopa. Jisaidie mapema kabla hawajaanza kupiga, basi."

"Leonida hakuogopa," Aubin akasema kwa mzaha, akionyesha picha kwa kidevu.

"Leonida huyo ana mguu wako na tumbo langu," sajini akasema. "Ninamjua vizuri. Anaogopa."

Namna alivyomfunga skafu shingoni baada ya hapo, mtu yule niliyedhani ni mnyama, imenitosha. Kuanzia leo namwekea sahani mezani, hatakula tena jikoni.

Na Baba. Baba alimshika mwanawe mkono mlangoni, akaugeuza kidogo kuelekea mwanga, kidole gumba juu, kama anavyowageuza watu wanaokuja kuchorwa. Sijui kama alijua anafanya hivyo. Kisha akasema, "Vaa kofia." Aubin akavaa. Koti lao la jeshi ni kubwa kwake, mikono inamfunika vidole. Yeye na vijana wenzake walioitwa walipiga kona ya mtaa wakiimba, wengine wao sauti bado za kitoto.

12 Februari

Mizinga imepigwa kushangilia ushindi. Perrine ameoka keki.

15 Februari

Ushindi mwingine, kwa mujibu wa gazeti. Baba ananisomea kwa sauti. Mvua na theluji pamoja.

20 Februari

Barua ya Aubin, mistari minne. Matope yanafika magotini. Anaomba soksi. Anasema hawajafundishwa kupiga bunduki, watafundishwa njiani. Anauliza kama uso wa mfalme umepatikana.

Nimetuma soksi. Sijui nimezituma wapi.

1 Machi

Hakuna kitu.

6 Machi

Hakuna barua. Baba anachora mawingu.

14 Machi

Hakuna barua. Sasa nikipita mbele ya picha napita upande wa ukuta, nisimwone Aubin. Lakini hata huko namwona. Baba amemchora vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kuchora maishani, na hilo nalo siwezi kumsamehe. Alipokuwa anamtazama kwa makini vile, siku baada ya siku, alikuwa anaona nini? Kifua kilichokuwa kinakohoa kilikuwa mbele ya pua yake. Alikichora bila kikohozi.

27 Machi

Wakulima wanaingia mjini na ng'ombe wao. Mtaa wetu mzima unanuka mavi. Mwanamke mmoja amekamua ng'ombe wake kwenye ngazi za karakana yetu, akampa Perrine maziwa ya bure. "Heri mnywe nyie kuliko wao," amesema.

30 Machi

Mizinga ilianza kabla hatujanywa kahawa. Inatoka upande wa vilima vya Belleville. Vioo vya madirisha ya juu vilikuwa vinatikisika, na vumbi la dari likaanguka kwenye rangi mbichi ya anga. Baba akapanda ngazi kulifuta kwa unyoya.

"Sajini, mahali pako," akasema.

Sajini alikuwa ameshavua shati. Alisimama akisikiliza, halafu akaanza kulivaa tena.

"Mwalimu, mimi nakwenda."

"Kwenda wapi? Nchi ina majenerali. Wewe huna hata vidole."

"Kule juu wameweka watoto wa shule kwenye mizinga. Nimeambiwa na muuza utumbo. Angalau niwafundishe kuinama."

Alitoka akichechemea. Baba akabaki na unyoya wake akitazama mahali patupu aliposimama mfalme.

Tulikaa siku nzima jikoni mimi na Perrine, tukimenya karoti ambazo hakuna aliyezihitaji. Alasiri mizinga ilinyamaza. Ukimya ule ndio ulionitisha. Sajini alirudi jua likielekea kuzama, uso mweusi kwa baruti. Nilimpa maji, akanawa, akanywa yale aliyonawia kabla sijamzuia.

"Wameinama?" nikamwuliza.

"Wengine," akasema.

Mji umejisalimisha.

31 Machi

Wanajeshi wa kigeni wamepita kwenye barabara kuu tangu asubuhi hadi jioni. Kuna wanawake waliowatupia maua. Sajini amesema hatasimama tena kwa ajili ya mfalme yeyote, atarudi kwao Auvergne kupanda viazi. Baba hakumbishia. Uso wa Leonida alikuwa ameshaumaliza wiki iliyopita, na mimi nilikuwa sijautazama. Nimeutazama leo. Ni mzuri. Haufanani na sajini hata kidogo.

6 Aprili

Leufroy amerudi. Nilimfungulia mlango nikadhani ni mwombaji. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kofia mapajani, akaisema habari yake akiielekeza kwenye kofia.

Aubin amekufa. Amekufa tangu mwisho wa Februari.

"Kwenye vita gani?" nikamwuliza, kwa sababu ilikuwa ni lazima niseme kitu.

"Hakuna vita, dada Honorine. Hakupiga risasi hata moja, bunduki yake haikuwa na jiwe la kuwashia. Aliletwa kwenye kikosi chetu, tukawa tunatembea tu. Tunakwenda mashariki, tunaambiwa turudi, tunarudi. Akashikwa na homa. Wakawalaza kwenye zizi la kondoo, yeye na wengine wengi, kijiji kimoja ng'ambo ya Meaux. Nilikaa naye mpaka tulipoamriwa kuondoka. Niliporudi walikuwa wameshawazika wote pamoja."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji. Mara nyingine alidhani mimi ni wewe."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia tangu mwanzo hadi mwisho. Akageuka akarudi karakana, na nikasikia anaosha brashi kwenye ndoo, moja moja.

8 Aprili, Ijumaa Kuu

Nimemwambia Baba. Nilimkuta amekaa chini ya picha, nikamwambia yote. Kwamba lilikuwa neno moja. Kwamba kinywa alikifungua na nilikiona. Kwamba aliona haya mbele ya watu wa kuchorwa kuliko alivyomwonea huruma mtoto wake wa kumzaa. Aliinamisha kichwa. Afadhali angenipiga.

9 Aprili

Nilichukua kisu cha kukatia turubai nikaenda kwenye picha. Ilikuwa mchana kweupe, hakuna aliyenizuia. Nilitaka kuikata katikati, tangu mawinguni hadi mguuni. Nilianza kutafuta pa kuanzia, na nikafika kwenye uso wa Aubin.

Hatuna picha yake nyingine. Hakuna hata ya penseli. Katika nyumba ya mchoraji, miaka kumi na minane, hakuna aliyewahi kumchora kabla hajahitajika.

Nimerudisha kisu mahali pake.

12 Aprili

Mimi na Baba hatusemezani. Sajini ameondoka. Alinikumbatia kama mtu aliyebeba gunia la mayai.

15 Aprili

Nilitaka kumchukia Baba, na kwa siku kadhaa nilifaulu. Leo asubuhi nimemkuta anajaribu kufunga vifungo vya shati. Vidole vyake havisikii. Alikuwa amefunga cha juu kwenye tundu la chini, akafungua, akafunga vilevile tena. Nikamfunga mimi. Alikuwa ananuka uzee. Hajasema neno lolote kuhusu Aubin tangu Leufroy aje, hata jina lake, si kwangu, si kwa Perrine. Kila siku anapanda ngazi, anakaa kwenye kidaraja cha juu akiwa amewapa watu mgongo, na hachori.

19 Aprili

Maofisa wa kigeni wanazunguka mjini kutazama vitu vizuri. Leo wawili wamegonga kwetu, Warusi, wamesikia kuna picha. Sikuwa na nguvu ya kuwakatalia, na hata kama ningekuwa nayo, walikuwa na mapanga viunoni.

Mkubwa wao alikuwa na mvi mapema na anaongea lugha yetu safi kuliko Perrine. Alivua kofia alipoingia, kama aliyeingia kanisani, na kweli karakana yetu ilikuwa kanisa zamani. Baba alikuwa juu ya ngazi. Hakugeuka. Nikaeleza kwamba mchoraji ni mzee na hana afya.

Ofisa alisimama palepale aliposimama seneta. Alikwenda nyuma, akaja mbele.

"Huyu mfalme alishinda?" mwenzake mdogo akaniuliza.

"Hapana, bwana. Walikufa wote."

"Wote," yule mkubwa akamfafanulia, kwa sauti ya chini. "Ndiyo maana ya picha." Kisha akasogea karibu na Aubin, karibu sana, mpaka nikataka kumwambia asimguse. "Na kijana huyu. Sijawahi kuona uso wa namna hii. Anampa mfalme ngao huku anajua. Naye alikufa pamoja naye, mlangoni mwa nchi yao. Ni kifo gani kizuri kuliko hicho?"



"Homa," Baba akasema.

Alikuwa bado ametupa mgongo. Ofisa akainua macho kule juu. "Samahani, bwana?"

"Alikufa kwa homa. Kwenye zizi la kondoo. Ni mwanangu, anaitwa Aubin, na alikuwa na kifua kibovu tangu mtoto."

Ofisa alimtazama Baba, akaitazama picha, akanitazama mimi. Aliniuliza kwa macho kama ni kweli, nikatikisa kichwa kukubali.   Kisha akamgusa mwenzake kwenye kiwiko, wakatoka taratibu, na mlango wakaufunga wenyewe.

Nikaenda nikasimama chini ya ngazi, nikaishika ili isiyumbe, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kushuka.